Mtoto Hakusikia "Labda"

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na mwili bado hunisisimka. Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Uriri. Binti yangu wa kwanza, Akinyi, alikuwa na miaka mitatu, na baba yake alikuwa ameenda Isebania, mji wa mpakani, kununua vitenge vya kuuza.

Nilikuwa napalilia mahindi nilipomwona Akinyi anakuja mbio.

"Mama, baba amekufa. Lori limeanguka."

Jembe likanidondoka. "Nani amesema?"

"Baba mdogo," akajibu bila kupepesa macho.

Nikapiga nduru. Majirani wakaja wakilia, mikono kichwani. Nilijigaragaza mchangani hadi sauti ikakauka. Basi katikati ya kilio hicho, mume wangu akatokea njiani, mzigo begani, anauliza, "Jamani, nani ametuacha?"

Wanawake walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Mimi nilimshika miguu, nikiipapasa nione kama ina joto.

Kumbe shemeji yangu Ouma alisikia sokoni kuhusu ajali ya lori la kutoka Isebania, akamwambia mkewe, "Labda kaka alikuwa ndani. Huenda amekufa." Mtoto alikuwa anacheza karibu nao. Sasa, kwa aibu, Ouma akakata fimbo. "Huyu mtoto ni mwongo!"

Mama mkwe wangu, tuliyemwita Dani, yaani nyanya, akamzuia. Akamwambia Akinyi polepole, "Mjukuu wangu, labda kuna ndizi kwenye chungu kile."

Mtoto akakimbia, akachungulia, akarudi akilia. "Dani, umenidanganya! Ulisema kuna ndizi!"

Kumbe tulikuwa tunaishi na mtoto ambaye hatukuwa tunajua anasikia nini.

"Mmeona?" Dani akasema. "Amesikia ndizi tu. Hiyo 'labda' ataielewa polepole akikua. Ouma, tupa fimbo. Aliyemuua kaka yako leo ni wewe."

Mwanangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mtoto huokota neno lililo zito, shaka yako ikampita kama upepo. Unachojua, mwambie wazi. Usichojua, sema "sijui". Hilo hata mdogo analielewa. Na akikuletea habari nzito, usimchape wala usilie kwanza. Mfuate mkubwa aliyeisema, umuulize ameona au amesikia.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe ulimi wenye subira, na nduru isisikike mlangoni pako kabla ya wakati wake.