Nguzo Iliyocheza Juu ya Tanuri la Mama

Mkaguzi wa shule alikuja Homa Bay na kalamu nyekundu, akakata jina langu kwenye orodha ya fizikia. Nilikuwa msichana pekee darasani. "Sayansi ya jikoni itakutosha," akasema. Hadi leo nikikumbuka, hasira zinanipanda.

Nikamwuliza kosa langu. Akacheka, akachukua insha yangu mezani. Nilikuwa nimeandika juu ya pulsa, nyota zilizokuwa zimegunduliwa juzijuzi tu, zinazotuma mawimbi ya redio kwa mapigo yasiyokosea saa. Mwalimu wetu alitusomea gazetini kwamba mapigo hayo hufika mengine yana nguvu, mengine hafifu, kwa sababu gesi iliyo kati ya nyota ina mabonge madogomadogo yanayoyatikisa njiani. Ukipima mtikisiko, unaijua gesi usiyoiona.

"Umekariri," akasema. "Binti wa mkausha samaki, utayaelewa wapi haya?"

Ala! Mama ndiye aliyekaushia shule samaki, na tanuri lake lilikuwa nyuma ya jiko la shule, hatua chache tu. Nikamwambia, "Njoo, bwana." Nikatangulia bila kungoja ruhusa.

Mama hakutia mkono tanurini kujua moto ulivyo. Alichuchumaa, akatazama nguzo ya ua wa jirani kupitia hewa iliyo juu ya samaki. Pale nguzo ilipotetemeka zaidi, alijua pana joto kali, akahamisha samaki wale wa kamongo wasiungue. Nikamwomba mkaguzi achuchumae vilevile. Akachuchumaa, suruali ikagusa majivu.

"Nguzo inacheza," akasema.

"Haichezi, bwana. Ni hewa. Nguzo ndiyo pulsa, hewa ndiyo gesi. Sikukariri. Nimelelewa nayo."

Mama hakujua Kiswahili kingi, akauliza tunagombania nini. Nikamweleza kwa Kijaluo. Akamtazama yule bwana kutoka viatu hadi kofia.

"Mwambie asogee," akasema. "Ananizibia nguzo."

Nikamwambia, neno kwa neno. Mkaguzi akainuka, akapangusa magoti. Ile alama nyekundu hakuifuta. "Sheria ni sheria," akasema, akaenda zake.

Jumatatu niliingia fizikia, nikaketi benchi la mbele. Mwalimu akaita majina, akaruka langu. Nikalitaja mwenyewe, kwa sauti. Akachukua kalamu, akaliandika upya chini kabisa ya orodha.