Timu Iliyokufa Imefunga Bao kwa Haji

Jamani, timu iliyokufa zamani leo imefunga bao!

Nimemvalisha mjukuu wangu fulana ya timu yetu ya Mbarara, ile ya miaka ya themanini.
Nikampeleka Nyamitanga kwa babu yake wa upande wa pili, Haji, aliyekuwa shabiki wa timu ya wanajeshi.

Haji akagoma kumpakata.
"Mvue kwanza hiyo nguo ya maadui!"

"Haji, timu zote mbili zilishakufa."

"Zimekufa, lakini mimi nipo!"

Mtoto akalia. Haji akalainika, akampakata juu ya kanzu yake ya Ijumaa.

Kanzu ikalowa mpaka magotini.

Nikapiga kelele: "Goooli!"

Haji akanikazia macho. "Mama Amina, nitafutie fulana ya timu yetu ya wanajeshi. Nitamvalisha, nimnyweshe maziwa, halafu nimlete kwako."

Nani ataniazima koti la mvua?