Mjomba Yobe na Hekta Tano za Serikali

Mimi na Lameck Sakala tunapakana shamba kwa shamba tangu alipostaafu kazi ya reli. Ni mtu mwema, hilo silikatai, ila ana akili ya kuzunguka. Mlango ukiwa wazi mbele yake, yeye atatafuta dirisha. Ndiyo maana serikali ilipomtaka alime, yeye akachimba kaburi.

Huku kwetu, nje kidogo ya mji wa Kabwe, mashamba si ya ukoo wala ya chifu. Ardhi ni ya serikali, nasi tumepangishwa kwa miaka tisini na tisa, kila mtu hekta zake tano, kwa masharti. Ulime. Usikate vipande ukawagawia ndugu. Usiuze bila ruhusa. Ukiacha pori lijiotee, ofisi ya ardhi ina haki ya kulichukua shamba na kumpa mwingine. Karatasi ya mkataba Sakala aliifunga kwenye nailoni akaiweka chini ya godoro. Ukurasa wa kwanza, wenye jina lake na mhuri, ameusoma mpaka umechakaa. Ukurasa wa pili, wa masharti, ulikuwa safi vilevile kama ulivyotoka ofisini.

Alikuwa analima hekta mbili, mahindi na karanga. Tatu zilizobaki zilikuwa kichaka kitupu, naye aliziita akiba. Tulicheka naye mpaka shamba la jirani yetu Siamwiza, ambalo halikuwa limeguswa jembe miaka mingi, liliponyang'anywa. Hapo Sakala akaanza kukonda.

Mtu mwenye akili ya moja kwa moja angenoa jembe. Lakini Sakala ni Mngoni wa upande wa Chipata, na kwao shamba hutambulika kwa wafu wake. Mtu akija kukudai ardhi, humwonyeshi karatasi. Unampeleka kwenye makaburi: huyu babu, huyu bibi, huyu baba mdogo, wako wewe wako wapi? Maneno yanaishia hapo. Sakala akatazama hekta zake tano, akaona hana hata mtoto wa paka aliyelala mle.

Akasafiri kwenda kwao. Aliporudi, asubuhi moja tukaona tuta la udongo pembeni ya kichaka, lina msalaba wa mti, na juu yake sahani na kikombe vilivyotobolewa, kama inavyofanywa kwa marehemu.

"Nani huyu?" nikamwuliza.

"Mjomba Yobe," akasema, macho chini. "Mama Choolwe, nimeileta mifupa yake kutoka Chipata. Alikuwa analala peke yake kule."

"Umeileta na nini?"

"Na basi."

"Basi likakubali?"

"Ilikuwa kwenye sanduku. Nililipia mzigo."

Ningepaswa kujua pale pale. Lakini mtu akikutajia maiti huanzi kumhoji, unaangua kilio. Nililia kwa ajili ya mjomba Yobe ambaye sikuwahi kumwona, nikapeleka na jogoo wangu mwekundu. Kina mama wa kanisa wakaja wakaimba. Mkewe Falesi, maskini, naye aliamini. Akalitunza kaburi lile kwa heshima zote: akamkataza mumewe pombe mpaka siku ya kuvunja matanga, akamfunga kitambaa cheusi mkononi, na kila jioni akampeleka kukaa na mjomba ili asijione mgeni. Sakala alikaa pale kwenye mbu kama mtu aliyefungwa na hukumu yake mwenyewe.

Afisa wa ardhi alikuja Falesi akiwa ameshapika pombe ya kuvunja matanga. Nilikuwa jikoni namsaidia kuchuja. Akashuka kwenye gari mwanamume mnene, mcheshi, jina lake Kapembwa, na alivyosema jina tu tukajua ni Mbemba. Kwa hiyo ni mtani wa Sakala. Wabemba na Wangoni walipigana enzi za mababu, na tangu hapo wanatukanana, mla tumbili na mla panya, bila kukasirikiana, na kwenye misiba ya wenzao ndio wanaotawala.

"Mngoni," Kapembwa akasema kabla ya salamu, "panya wako hawajambo? Au umeshawala wote?"

"Hawajambo," Sakala akajibu. "Walikuwa wanacheza nje, wamesikia mla tumbili anakuja, wamejificha."

"Hizo hekta tatu za kichaka ndizo unazowafugia?"

Sakala akacheka kidogo, akamshika mkono akamwongoza hadi kwenye tuta, mimi na Falesi tukafuata. Uso wake ukabadilika ukawa wa msiba. Aliisubiri siku hii.

"Mtani, ningekuwa nimelima. Lakini ona. Mjomba wangu amelala hapa. Ardhi hii ina mtu wake tayari."

Kapembwa akalitazama kaburi, akavua kofia. Kisha akakaa juu ya kisiki akajifuta jasho, na utani ukamtoka usoni.

"Bwana Sakala, mkataba wako uliusoma?"

"Niliusoma sana."

"Ukurasa wa pili?"

Sakala akainama akaunyoosha msalaba.

"Hili ni shamba la kukodi. Huruhusiwi kuzika mtu humu. Kichaka ningekupa muda ukifyeke, sheria inaniruhusu. Lakini kaburi, ndugu yangu, nikiliandika, shamba lote linarudi serikalini. Na siwezi kuacha kuliandika, kwa sababu liko hapa, lina msalaba, lina hata kikombe."

Mtu aliyechimba ili shamba lisichukuliwe ndiye aliyekuwa amelikabidhi kwa mkono wake.

"Hakuna mtu," Sakala akasema kwa sauti ndogo.

"Nini?"

"Humo ndani. Hakuna mtu."

Falesi alikuwa amesimama nyuma yangu na chujio mkononi. "Baba Mabvuto," akasema polepole, "mimi nimekuwa nikimsalimia nani kila asubuhi?"

Mimi nikasahau kwamba sikuulizwa. "Na jogoo wangu mmemla kwa ajili ya nani?"

"Kila mwenye kaburi pasipotakiwa huniambia ni tupu," Kapembwa akasema. "Na mimi afisa siruhusiwi kufukua kaburi. Lazima mahakama iamue." Akawaza kidogo. Kisha akainuka, akavua viatu na koti la kazi, akamkabidhi Falesi. "Afisa amebaki kwenye koti. Mimi ni mtani wenu, na nimekuja kwenye msiba wa Wangoni. Jembe liko wapi?"

Hapo ndipo nilipompenda yule mtu. Mtani msibani hazuiwi kitu. Ataingia kaburini akatae kutoka, atalala kwenye mkeka wa wafiwa, na ukimkasirikia aibu ni yako. Kapembwa akajilaza kwanza juu ya tuta akalia kwa sauti kubwa: "Mjomba Yobe, mla panya, umeniachia nani? Amka ulipe kodi ya serikali!" Falesi alikuwa na hasira ya kupasuka, lakini kicheko kilimshinda, akaketi chini. Kisha mtani akachimba. Hakuchimba sana, kwa kuwa Sakala hata kaburi alilichimba kivivu.

Likatoka sanduku. Kapembwa akalifungua, na utani wote ukakatika. Ndani mlikuwa na matofali mawili, na juu yake, limekunjwa vizuri na kupigwa pasi, koti la buluu la reli lenye vifungo vya shaba, kofia yake, na filimbi.

"Matofali nimeelewa," Kapembwa akasema. "Na hili?"

Sakala alisugua kiganja kwenye suruali. "Nilitaka kuweka matofali peke yake. Nikaona ni kuidanganya ardhi. Nikasema lazima awemo mtu." Akaligusa koti. "Miaka yote ile ya reli nimekaa nyumba za kazi. Livingstone, Choma, Ndola, hapa. Ukipanda mti, unahamishwa kabla haujazaa. Siku niliyostaafu nilirudisha funguo nikakaa barabarani na mke wangu na vyungu. Nikasema safari hii, wakija kunitoa, wakute nimeshazikwa."

Mimi nilikuwa nimeandaa matusi ya jogoo, nikayaacha. Nilimhurumia mno, na nilichukia kwamba ninamhurumia.

"Na nikifa kweli," Sakala akauliza, "mtaniweka wapi?"

"Makaburi ya manispaa, kule barabarani."

"Kwa hiyo hata maiti yangu itakuwa mpangaji."

"Kule hakuna mkataba, mtani," Kapembwa akasema. "Na hakuna afisa atakayekuja kukukagua kama umelima."

Falesi akamrudishia Kapembwa koti lake la kazi, naye akalivaa akawa afisa tena. Akaandika kwamba ameona shimo lililo tupu, na kwamba mwenye shamba amepewa muda hadi mavuno kufyeka na kulima sehemu iliyobaki. Pombe tuliinywa palepale, kwa kuwa haingeweza kusubiri msiba mwingine. Sakala alikunywa kuliko wote, akidai ndiye aliyefiwa kwa muda mrefu zaidi.

Msimu ule alifyeka. Namwambia mtu asiyemjua, kwa sababu anayemjua hataamini: Sakala aliamka kabla ya majogoo wangu waliobaki, na mvua zilipokuja hekta zote tano zilikuwa na mbegu. Falesi alimpelekea munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, shambani, na ukimsikia anavyomsema ungedhani anamchukia.

Kapembwa alirudi wakati wa mavuno. Akatembea mpaka mwisho wa shamba na kurudi, akitafuta panya kwa sauti kubwa kila baada ya matuta machache. Akaweka karatasi juu ya boneti ya gari, akatia sahihi.

"Umetimiza," akasema.

"Sasa ni langu?" Sakala akauliza.

"Ni lako kwa masharti. Ukiendelea kulima, hakuna wa kukutoa mpaka ufe, na mwanao Mabvuto atarithi miaka iliyobaki."

Sakala akatazama mahindi yake, toka kwenye mpaka wangu hadi kule ambako zamani palikuwa kichaka.

"Basi inatosha," akasema. "Reli hawakuwahi kuniambia hata hilo."