Nondo wa Nyumba ya Msiba

Nondo alitaga mayai siku mbili baada ya mimi kumchoma pini kifuani. Mayai kumi na manne, meupe, katika mstari mmoja juu ya kipande cha boksi nilichomtandazia mabawa.

Nilikuwa bwana shamba Ileje, miaka ambayo wanunuzi binafsi walianza kupanda milimani kufuata kahawa. Mtaalamu wa wadudu alikuja kukagua mibuni, nikamwonyesha nondo dume niliyemhifadhi ndani ya kiberiti: rangi ya jivu, na kwenye kila bawa doa angavu kama kioo. Alimgeuza chini ya lenzi kwa muda mrefu.

"Huyu hajaandikwa popote," alisema. "Nitafutie jike, bila jike siandiki. Na uchunguze kiwavi wake anakula nini. Huyu aliyekwisha kuota mabawa hali kitu. Hana mdomo."

Jike nilimkuta Isongole, katika nyumba niliyopanga. Binti wa mama mwenye nyumba alikuwa amezikwa siku tatu tu kabla. Nondo alishinda ukutani juu ya kitanda cha marehemu, na kupitia yale madoa uliona udongo wa ukuta. Pale, mdudu aliyeingia wakati wa msiba haguswi mpaka matanga yaishe. Ni mgeni. Wanawake walioketi mkekani walikuwa wakimtania.

"Mtazame alivyonuna. Hata salamu haitikii."

"Si ndivyo alivyokuwa marehemu? Ukimsalimia asubuhi, anakujibu jioni."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Nilimwomba mama anipe yule nondo. "Ngoja tumalize, bwana shamba," alisema. "Akitaka kuondoka, ataondoka mwenyewe."

Lakini mdudu akishatandazwa, mabawa huchukua siku kadhaa kukauka, na gari la mtaalamu lilikuwa linapita Jumamosi. Walipokwenda kaburini kuweka msalaba, niliingia na chupa yangu ya kuulia wadudu. Dawa kwenye pamba ilikuwa imeisha nguvu, nami sikujua. Alipotulia nikadhani amekufa.

"Mgeni wangu yuko wapi?" mama aliuliza aliporudi.

Nikasema ametoka dirishani. Siku mbili aliliacha dirisha wazi, na baridi yote ile, akaketi akiliangalia.

Nilipoyaona mayai, na miguu ya nondo ikichezacheza bado, nilimhamishia kipande kingine, nikampelekea mama kile cha mayai na kumwambia ukweli. Alikipokea kwa ncha ya khanga, akaingia chumba cha binti yake, akafunga mlango.

Jike alikwenda na mtaalamu. Wiki chache baadaye nilianza kusikia kitu kikitafuna nyuma ya mlango ule, mchana, taratibu, bila kupumzika.

"Mama, unawalisha nini?"

"Wewe andika habari za uliyemuua," alisema. "Hawa wanakula."

Maelezo yalichapishwa, na mahali pa chakula cha kiwavi pakaachwa wazi. Nilikuwa nimekagua kila mti wa uani, na mibuni mpaka mtoni. Sikuona hata jani moja lililotafunwa wala kuchumwa, na chumbani mle mama aliingia mikono mitupu.