Kikohozi cha Mheshimiwa

Mtaani walimwita Mheshimiwa, na mkewe alilichukua jina hilo kwa kejeli: "Mheshimiwa, ndoo ya taka imejaa." Alikuwa karani wa stoo ya mabomba, lakini raha ya maisha yake ilikuwa kumwigiza Waziri wa Maji. Kwenye harusi alipanda jukwaani, akatunisha kifua, akakohoa mara mbili, kho-kho, kisha akaahidi maji kabla ya Ijumaa. Watu wakavunjika mbavu. Ukweli ni kwamba Waziri hakuwa na kikohozi chochote. Kile kilikuwa cha karani mwenyewe, cha vumbi la stoo. Siku moja kilimponyoka katikati ya hotuba, ukumbi ukaangua kicheko, naye akakiacha humo humo.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa msanii wa video. Alitundika mablanketi ukutani, akamkalisha siku tatu mbele ya kipaza sauti, asome kwa sauti ya Waziri chochote kilichokuwepo: vichwa vya habari, maelezo ya dawa ya mende, majina ya mboga.

"Soma tu, shem. Kompyuta inajifunza."

Alisoma mpaka koo likawaka moto. Masikini wa watu, alidhani anatengenezewa jina.

Siku ya maonyesho ya kazi za shemeji, Waziri wa akili mnemba alijaa ukuta mzima, anaoga kwa maji ya chupa huku akiyahutubia mabomba makavu. Kho-kho! Watu hoi. Mheshimiwa alisogelea kibao cha maelezo, akatafuta jina lake juu mpaka chini. Kilisema: Sauti: kompyuta.

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa malighafi, shem. Usinune, kuna wapiga picha."

Iliuma, tena sana. Lakini alipiga makofi pamoja na wengine.

Kisha akaja Waziri mwenyewe. Wote walisubiri pingu. Alitazama, akacheka mpaka akatoa leso. "Huyu anaahidi vizuri kuliko mimi," alisema, akainunua kazi nzima, sura na sauti. Tangu hapo matangazo ya wizara yalitolewa na kompyuta kila asubuhi, kikohozi kikiwemo. Karani akaletewa barua: sauti hiyo sasa ni mali ya ofisi, asiiigize tena popote. Chini kulikuwa na sahihi ya shemeji, kama shahidi.

Sauti aliiacha. Kikohozi kilikataa kuachwa. Kilimfuata kitandani, kikamkondesha, na asubuhi moja kikaja na damu.

Alijikokota hadi zahanati. Kwenye foleni alikohoa mara mbili tu, benchi zima likacheka.

"Maji lini, Mheshimiwa?" mzee mmoja alidakia.

Dirishani, mama wa mapokezi alishika kalamu. "Tatizo?"

"Kho-kho."

"Eti nini?" Akageuka kwa mwenzake. "Njoo umsikie huyu! Kampata Waziri kama alivyo!"

"Mama, nakohoa kweli. Hiki ni changu."

"Changu, anasema!" Yule mama alijifuta machozi ya kicheko. "Baba, watu hapa wanaumwa."

Karani akafunua leso, akaiweka dirishani, doa jekundu juu. Yule mama aliitazama, akatikisa kichwa kwa kuvutiwa.

"Mpaka rangi kaja nayo," alisema, akairudisha kwa ncha ya kalamu. "Haya, anayefuata!"