Mlango wa Upande wa Maji

Leendert Kooiman alibeba magunia ya kahawa miaka thelathini na mmoja katika ghala moja la bandari ya Rotterdam, hadi meli zilipohamia gati za mbali na ghala likafungwa. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena upande ule. Ghala likageuzwa nyumba za kupanga, na nani ahamie ghorofa ya tatu? Binti yake mwenyewe, Jacomijn. Mara mbili alimwalika. Mara mbili mzee akaumwa mgongo ghafla. Mara ya tatu binti alisema, "Jumamosi, saa nne kamili, tunywe kahawa. Nitakungoja mlangoni. Usipokuja, baba, sikualiki tena."

Saa nne kasoro dakika tano Leendert alikuwa mlangoni, kanyoa ndevu, biskuti mkononi. Mlangoni, naam, lakini upande wa maji. Wabebaji wote waliingilia huko. Mlango wa barabarani ulikuwa wa mabwana wa ofisi. Kuli aliyethubutu kuupita alirudishwa kwa matusi. Miguu yake haikujua njia nyingine. Sasa pale pana mkahawa wenye ukuta wa kioo, na ndani watu wanakula mayai.

Ikafika saa nne na robo. Kwa watu wa Rotterdam dakika tano ni kuchelewa. Robo saa ni kumdharau mtu. "Ameghairi," akawaza. "Na haki anayo."

Mhudumu wa kike akachungulia nje. "Mzee, unataka meza au unatulinda?"

"Namngoja binti yangu. Anakaa juu."

"Wa juu mlango wao uko barabarani. Huku utapitia wapi, kwenye sahani ya mtu?"

"Ule si wetu."

"Ninyi nani?"

Leendert akageuka kuitazama gati. Alikuwa peke yake.

Akazunguka jengo, taratibu. Jacomijn alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango wa barabarani, macho mekundu.

"Mgongo tena, baba?"

"Nipo hapa tangu saa nne kasoro. Nilikuwa nyuma, kwenye mlango wetu."

Binti akainuka, akaufungua mlango na kuushikilia. "Pita basi. Nani atakufukuza?"

Leendert akavua kofia, kama walivyozoea kuvua mbele ya mabwana. Akaiangalia. Akairudisha kichwani, akaikaza vizuri, akapita.