Koki Kuu ya Boti Yetu

Boti ya mume wangu ilikuwa na matundu matatu chini: la kuvuta maji ya bahari ya kupozea injini, la maji ya kuoshea samaki, na la kuoshea sitaha. Kila tundu ni mlango wa bahari kuingilia, na mimi ni mwoga. Kwa kuwa nauza mabomba Kariakoo, nilijiona mjuzi. Nikamchorea mfumo wa tundu moja, chujio moja na koki kuu moja, kisha bomba ligawanyike kwenda kote kunakotakiwa maji. Fundi wa boti akauridhia mchoro, akaufunga mfumo huo botini. Aliyekosa usingizi ni mimi.

Sababu iko nyumbani, Magomeni. Maji yetu ni ya mgawo. Siku moja yalikatika tukasahau bomba wazi, yakarudi wakati hatupo, nyumba ikafurika hadi godoro. Tangu hapo mume wangu hatoki bila kufunga koki kuu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sasa nilikuwa nimempa koki kuu nyingine. Hii akiifunga akasahau kuifungua, injini inakosa maji, inaungua, naye yuko katikati ya bahari.

Nilitaka kuung'oa mpini wa koki hiyo ya boti, isifungike kamwe.

"Na bomba likipasuka, tuzibe na kanga yako?" akaniuliza.

Alisema kweli, nami nikazidi kukereka. Mwisho nikauchukua ufunguo wa injini, nikautundika kwenye mpini kwa kamba.

"Ukifunga, uache hapa. Ukija kuuchukua, fungua kwanza."

Akacheka, akasema nimezeeka kabla ya wakati.

Asubuhi ya safari ya kwanza alitoka kimya kimya. Nikafungua bomba la jikoni nijaze ndoo. Kavu. Nikaenda nje kutazama: koki imefungwa, tena imekazwa. Mkono wake ulikuwa umefunga wenyewe kwa mazoea, nami nimo ndani. Nikampigia.

"Umefunga koki ya nyumbani."

"Si nafungaga kila siku? Tunatoka Feri hapa. Mbona unahema?"

"Na ya boti?"

Nyuma yake injini ilikuwa ikinguruma. "Sasa ningewashaje, mke wangu, na ufunguo umeutundika kwenye koki?"

Sikumwamini. Mazoea yana taabu, na kamba hufunguka. "Sogeza simu ubavuni, pale maji ya injini yanapotokea. Nisikie mwenyewe."

Nikayasikia yakitemwa, yakinyamaza, yakitemwa tena. Nikaketi juu ya ndoo tupu. Mtandao ulipokatika, sikuitoa simu sikioni.